Flashi ya mama wa Tukuyu

Jumamosi jioni, Mwanjelwa. Mama kaja studio na flashi ya GB 16 kuchukua video ya sendofu ya bintiye, na nje konda wa Kosta ya Tukuyu anaita. Faili lina GB 6, flashi haina kitu, lakini kompyuta inagoma: faili kubwa mno. Mama ananitazama kama tapeli. Kumbe flashi ni FAT32, mfumo wa kupanga mafaili wa mwaka 1996, usiopokea faili moja linalofika GB 4.

Mafundi wenzangu hapa Mbeya jibu lao ni moja: formati NTFS, mfumo mwingine wa kupanga mafaili, yaishe. Hawajakosea. NTFS huandika kwanza badiliko inalotaka kufanya ndipo ilifanye, hivyo umeme ukikatika katikati ya kukopi (na masika ya huku mnayajua) orodha ya mafaili haivurugiki hovyo. Lakini mpelekee mwenye Mac: ataisoma, kuandika hawezi. Kwenye Linux, draiva ya zamani ya ntfs-3g (programu ya kusoma na kuandika NTFS) inafanya kazi nje ya kiini cha mfumo endeshi, data inazunguka njia ndefu, prosesa inahema. Draiva ya ndani ya kiini inayoandika kikamilifu iliingia mwaka 2021.

Ndiyo maana wengine tumehamia exFAT, ya Microsoft, 2006. Windows, Mac na Linux za sasa zote zinaiandika bila kuzunguka. Ila haina ile kumbukumbu ya mabadiliko. Chomoa flashi kwa haraka ya Kosta, unaweza kukuta folda tupu. Tena kwenye diski kubwa, Windows huigawa vipande vya KB 128, kwa hiyo kifaili cha KB 5 nacho kinakalia KB 128. Mimi exFAT naisafirishia tu. Kazi za wateja zinalala kwenye NTFS.

Na si kila ukonokono ni wa formati. Picha 3,000 ndogo zitasuasua popote, na tundu la USB 2.0 hata kwa hesabu ya kwenye boksi halivuki MB 60 kwa sekunde.

Yule mama nilitaka kumformatia exFAT. Nikamuuliza kwanza ataangalizia wapi. “Kwenye TV yetu ya siku nyingi, mwanangu.” TV nyingi za umri huo zinajua FAT32 tu. Nikaikata video vipande viwili vya GB 3. Kosta ilishaondoka, akapanda iliyofuata.