Mpaini hauji peke yake

Bibi yangu wa Liwale hakuwahi kusema "twende tukachume uyoga". Alisema "twende mitondoroni", yaani kwenye mitondoro, miti ya porini kwetu. Mvua za kwanza zikishalowesha ardhi sawasawa, anabeba kapu na kupita katikati ya mikorosho bila hata kutazama chini. Mimi nikichungulia ananicheka: "Hapo utarudi na kapu tupu, mjukuu wangu."

Sababu nimeielewa ukubwani. Mkorosho nao una kuvu mizizini, kama mvule na mninga, ila ni zile zinazojificha ndani ya mzizi na hazitoi uyoga. Mtondoro, myombo na mkongo zina kuvu za namna nyingine. Nyuzi zake huvisha ncha za mizizi kama soksi, kisha hutambaa mbali kwenye mchanga wetu huu usio na rutuba kutafuta fosforasi na maji. Mti hulipa kwa sukari. Uyoga tunaoupika na karanga ni tunda la biashara hiyo. (Wa kwenye kichuguu haumo kwenye hesabu hii, ule unalimwa na mchwa.)

Sasa vijana wenzangu wanatazama mbao za Mufindi na kuuliza kwa nini na sisi tusipande mipaini. Nawaelewa, pesa ni pesa. Lakini mpaini ni mgeni anayekuja na jiko lake. Sehemu nyingi za Afrika miche ya kwanza ilidumaa na kugeuka njano, mpaka ulipoletwa udongo uliotoka chini ya mipaini mikubwa. Kilichokosekana kilikuwa kuvu zake. Kwa hiyo anayepanda shamba la mipaini anapanda na kuvu za kigeni, ajue asijue.

New Zealand wameyaona. Mipaini ilitoroka mashambani ikavamia zaidi ya hekta milioni 1, na kuvu zikaenda nayo: wanyama hula uyoga wake, wakienda haja wanaacha mbegu za kuvu mahali ambapo mpaini haujafika, kwa hiyo mche ukiota unakuta meza imeandaliwa. Uyoga mmoja wa sumu, mwekundu wenye madoa meupe, umeshahamia kwenye mizizi ya miti yao ya asili. Hapo ndipo ninapoogopa. Mpaini unakatwa kwa msumeno. Kuvu iliyokwisha kupata mwenyeji mpya utaikata na nini? Na mtondoro, kwa mizizi yake, ni mwenyeji wa aina hiyohiyo.

Sisemi mipaini ya Rondo, huku kwetu Lindi, imetoroka. Nasema shamba jipya likae mbali na misitu ya miombo, udongo wa vitalu vya mipaini usisafirishwe ovyo, na mwenye subira apande mkongo. Halafu afisa misitu akija kupima unene wa magogo, aje msimu wa mvua, aongozane na bibi mmoja mwenye kapu.