f/2.8 ya nini kwenye jua la Lindi?

Kijiwe cha wapiga picha hapa Mtwara kina dawa moja ya kila ugonjwa: nunua lenzi ya f/2.8 (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi; ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi unaingia). Picha ina giza? 2.8. Imetikisika? 2.8. Msimu wa korosho ukifunguka na hela zikaanza kuzunguka, ushauri huo huzidi utamu. Mimi nazunguka Kusini na lenzi ya zumu ya 24-105mm f/4, na hiyo 2.8 siinunui.

Tupige hesabu. Kutoka f/4 hadi f/2.8 ni hatua moja tu, mwanga unaongezeka mara mbili, basi. Sasa uko kwenye ngoma ya sindimba, jua limeshazama (na huku likizama halikusubiri), mmebaki na taa moja ya uani. Tuseme f/4 inakupa shata (muda ambao kamera inabaki wazi) ya 1/30 ya sekunde. Ukifungua 2.8 unapata 1/60. Kiuno cha sindimba hakikamatwi kwa 1/60, ndugu yangu! Wala usitegemee kile kifaa cha kutuliza mtikisiko. Kinatuliza mkono wako, mchezaji hakimhusu. Ila ukifunga lenzi ya 50mm f/1.8, kale kadogo ambako watu hukadharau, unafika karibu 1/150, na hapo uso unasomeka. Lazima ulenge jicho sawasawa, maana kwa f/1.8 ukikosea kidogo unapata sikio kali na macho yamefifia. Mwenye kamera ya kihisi kidogo, ambacho hubana picha, achukue 35mm, asije akakosa pa kurudi nyuma watu wakibanana.

Uzito nao. 50mm f/1.8 STM ya Canon ni gramu 160. Ile 24-70 f/2.8 toleo la pili ni gramu 805, na bei yake ni ya mbali kabisa.

Mchana hakuna hata cha kubishania. Msimbati saa sita unapiga f/8 huku umekunja uso. Kilwa Kisiwani, chini ya kuba za Msikiti Mkuu, kuna kivuli kweli, lakini kuta zilizosimama karne na karne haziendi popote: kaa chini, viwiko magotini, shusha shata hata 1/15.

Panaponiyumbisha ni feri alfajiri, samaki wakishushwa. Mwanga hafifu, watu mbiombio, na huwezi kubadilisha lenzi kwa mikono yenye magamba. Hapo 2.8 ingenifaa. Lakini napandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 3200, chenga zinaingia kidogo, na picha ikichapwa A4 sijasikia mtu akizilalamikia.

Anayepiga harusi ukumbini kila Jumamosi simzuii. Kwake ni jembe, litajilipa. Na nakubali, zile lenzi kubwa za 2.8 zimezibwa vizuri dhidi ya vumbi. Kale ka 50mm hakajazibwa, kwa hiyo ukiwa juu ya bodaboda kaache ndani ya begi.

Ukitafuta lenzi ya mtumba, Kariakoo au kwa mtu, washa tochi ya simu na uimulike kwa nyuma. Ukiona nyuzi kama za buibui ndani ya kioo, hiyo ni fangasi, na unyevu wa pwani yetu utaikuza. Mrudishie mwenyewe, hata akishusha bei.