Wito Nao Una Bei

Kila manesi wakidai nyongeza, hakosi mzee wa kutukumbusha kwamba manesi wa zamani walikuwa na wito. Sawa, mzee. Tuupigie hesabu huo wito, na tuanzie Brooklyn, New York.

Elisabeth Fedde, sista wa diakonia (huduma ya kanisa kwa wagonjwa na maskini) wa Kilutheri aliyefunzwa Christiania (Oslo ya leo) chini ya Cathinka Guldberg, alifika New York Aprili 1883 kuwahudumia mabaharia na wahamiaji wa Kinorwe. Mwaka 1885 hospitali yake ikafunguliwa na vitanda 9. Kufikia 1889 vilikuwa 30, na katikati ya hapo alishakwenda Minneapolis kuanzisha kazi kama hiyo. Sadaka ya Jumapili haina mbio hizo.

Fedha kubwa zaidi ilikuwa mishahara ambayo haikulipwa. Utaratibu ulitoka Kaiserswerth, Ujerumani, kwa Mchungaji Fliedner, tangu 1836: sista halipwi mshahara. Anapewa chumba, chakula, sare, pesa kidogo ya mfukoni, na ahadi ya kutunzwa akiugua au akizeeka. Nyumba ya masista ndiyo inayompangia kazi, iwe wodini, jikoni au kwa wagonjwa wa majumbani. (Waliowahi kupita Ushirika wa Neema pale Moshi wanajua nyumba ya masista ni nini.) Maskini akitibiwa bure, sehemu kubwa ya bili imebebwa na sista, ila kwenye orodha ya wafadhili utasoma jina la mfanyabiashara aliyetoa kitanda.

Mpango huo unasimama mradi mabinti wapya waingie kila mwaka. Wakipungua, masista wazee wanabaki wa kutunzwa, wodi zinahitaji nesi wa kulipwa, na bodi inashtuka kwamba kumbe uuguzi una gharama! Ulikuwa nayo siku zote.

Fedde mwenyewe alirudi Norwe 1895, akaolewa mwaka uliofuata, na usista ukaishia hapo. Haikuwa nadhiri ya maisha. Wanaowachanganya masista hawa na watawa wa Kikatoliki wajisahihishe.

Haya, nakubali kwa shingo upande: bila imani asingevuka bahari. Na ile ahadi ya uzeeni, nesi wa mkataba wa miezi sita hana.

Hospitali ya Brooklyn ikaja kuitwa Lutheran Medical Center mwaka 1956, na tangu 2015 iko chini ya NYU Langone, mtandao wa hospitali wa Chuo Kikuu cha New York. Huko manesi wanalipwa. Mzee anayetaka wito urudi, atangulize chumba, chakula na matunzo hadi kaburini.