Kikundi cha wanaoacha kubeti: kinaweza nini, kinashindwa wapi

Hapa Busia, upande wetu wa Uganda, suala la kubeti limewagawa watu kambi mbili. Kuna wanaotaka serikali ifunge maduka yote ya kubeti kesho asubuhi, na kuna wanaosema kijana aombewe au asomewe dua, aache. Siku hizi inasikika njia ya tatu: waliozama kwenye kamari wakutane wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja aeleze yaliyomkuta, wasaidiane kutoka. Naiunga mkono njia hii kwa moyo wote. Ila naona inasifiwa kwa sababu ambazo siyo, na watu wanaingia vikundini wakidhani kusema peke yake kutawaponya.

Sheria haitatuchukua muda. Tangu 2016 sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha inamkataza aliye chini ya miaka 25 kubeti, ingawa kura anapiga akiwa na 18. Januari 2019 ikatangazwa kwamba Rais Museveni ameagiza kampuni za kubeti zisipewe leseni mpya. Miaka imepita, na kijana wa miaka 19 anabeti kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yake. Duka lilikuwa na mlango ambao askari angeweza kuufunga. Simu iko mfukoni, na saa nane usiku inafanya kazi kama kawaida. Ndiyo maana sisubiri sheria peke yake.

Wala Uganda haihitaji kufundishwa na mtu faida ya wenye shida moja kukaa pamoja. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa ukimwi mwaka huohuo, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi, na wenzake wachache ambao wengi wao walikuwa wanaishi na virusi. Dawa hazikuwa zimefika kwetu. Walichokuwa nacho ni kutembeleana, kuulizana hali na kukataa kujificha. Miaka miwili baadaye mwanamuziki Philly Lutaaya akasema hadharani kwamba anaumwa ukimwi, akazunguka shule na makanisa akieleza hali yake mpaka alipofariki Desemba 1989. Wazee wetu waliona kwa macho yao jinsi aibu inavyolegea mtu mmoja akisimama na kusema "ni mimi". Anayedai kwamba vikundi vya namna hii ni mambo ya Wazungu amesahau historia ya nyumbani kwake.

Kikundi kinatoa kitu ambacho mke, mchungaji au shehe hawezi kukitoa hata akipenda. Mtu aliyebeti mechi kumi, tisa zikaingia na moja ikamchania mkeka, yaani tiketi nzima ya kubeti, akirudi nyumbani ataambiwa pole au atagombezwa. Vyote viwili vinamwacha na wazo lake: nilikosa kidogo tu. Kwa mwenziwe aliyewahi kuzama hapati pole. Anaambiwa, "Ndugu yangu, hukukosa kidogo. Umepoteza pesa yote, na hiyo kidogo ndiyo itakurudisha kesho." Hesabu inamuunga mkono. Chukua kampuni inayojiwekea shilingi 5 katika kila 100 kwenye mechi moja. Ukiunganisha mechi kumi kwenye mkeka mmoja, ile asilimia inajirudia mara kumi, na kwa wastani kila shilingi 100 inakurudishia kama 60. Mkeka mrefu unaoahidi mamilioni ndio unaokula haraka zaidi. Nimeona watu waliokataa kuisikia hesabu hiyo kutoka kwa mwalimu wakiikubali kutoka kwa mwendesha boda aliyeuza pikipiki yake.

Nimewahi kukaa kwenye kikundi kimoja, Jumapili mchana, nyuma ya gereji ya pikipiki. Nilitarajia simulizi, nikakuta utaratibu mwingine. Kila mtu anafungua taarifa ya pesa za simu ya wiki nzima na kuisoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Kijana mmoja alisoma ya Ijumaa usiku: saa saba na dakika kumi, 2,000. Saa saba na ishirini, 5,000. Saa saba na nusu, 5,000. Saa nane kasorobo, 20,000. Alfajiri, mkopo wa simu, 50,000. Akanyamaza. Mzee aliyekuwa kando yake akauliza, "Hiyo elfu ishirini ulikuwa unairudisha ile ya mwanzo?" Akajibu, "Ndiyo, mzee." Hakuna aliyemlaumu. Wakamuuliza ule mkopo unalipwa lini na riba yake ni ngapi.

Nimeufikiria sana utaratibu ule. Simulizi mtu anaweza kuipamba, ukweli ukabaki ndani. Taarifa ya simu haipambwi, na saa zilizoandikwa pale zinaonyesha ugonjwa wenyewe unavyokwenda: jinsi kiasi kinavyopanda, jinsi mtu anavyofukuzia hasara, na saa ambayo angehitaji rafiki wa kumpigia.

Sasa upande wa pili, ambao watetezi wa vikundi hawapendi kuusikia.

Chama kikongwe na kikubwa cha aina hii, Gamblers Anonymous, kilianza Los Angeles mwaka 1957. Mwaka 1988 watafiti wa Uskoti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 232 waliofika kwenye mikutano yake. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hawajagusa kamari kabisa ni asilimia 8. Baada ya miaka miwili, asilimia 7. Haki itendeke: hesabu hiyo inawajumuisha hata waliofika mara moja na kutoweka, na kipimo chake ni kuacha moja kwa moja, kwa hiyo aliyepunguza na kuokoa nyumba yake hakuhesabiwa. Hata hivyo namba ni ndogo mno kwa mtu kusimama na kuahidi uponyaji. Marekani nako, utafiti wa Nancy Petry na wenzake wa mwaka 2006 uliwagawa wacheza kamari 231 kwa kura: wengine walielekezwa kwenye mikutano tu, wengine wakaongezewa kitabu cha mazoezi, wengine wakaongezewa vikao vinane na mshauri. Walioongezewa ushauri walifanya vizuri zaidi kuliko waliotumwa mikutanoni na kuachwa.

Matokeo haya yanaweza kumvunja mtu moyo, mpaka akumbuke ya kwetu. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti kutoka Masaka na Rakai kuhusu sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Wanavijiji waliokutana kwa vikundi kila wiki, kwa wiki 16, walipimwa pamoja na wengine ambao hawakupata huduma hiyo. Mwishoni, waliobaki na sonona kwenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, na kwenye vijiji vingine asilimia 54.7. Sonona si kamari, na sitaki kuzichanganya. Ninachokitazama ni aliyeongoza vikundi vile: wenyeji wa kawaida, si madaktari, lakini waliofundishwa kwanza na wakawa na utaratibu wa kufuata. Hapo ndipo vikundi vingi vyetu vinapopwaya. Mtu ameacha kubeti miezi michache, ana sauti nzuri, anafanywa kiongozi. Hakuna aliyemwonyesha la kufanya mwenzake akilia, akidanganya, au akisema amechoka kuishi.

Kuna pia suala la siri. Kule kwa wenzetu mtu hujitambulisha kwa jina la kwanza tu na inatosha, maana mji ni mkubwa. Busia utamficha nani? Waendesha boda wengi wanaendesha pikipiki ya mtu na kumpelekea hesabu kila jioni. Mwenye pikipiki akisikia kwamba kijana wake amekiri kubeti pesa ya hesabu, kesho ufunguo unakwenda kwa mwingine. Hivyo ukweli unaoponya ndio huohuo unaomnyima mtu ugali. Kwa mwanamke ni vigumu zaidi. Mama anayebeti mtaji wa nyanya hatakuja kukaa nyuma ya gereji na wanaume kumi kueleza alikopeleka pesa, na kwa sababu haji, tunajidanganya kwamba tatizo ni la vijana wa kiume peke yao. Napendelea kikundi cha steji nyingine, ng'ambo ya mji, hata kama nauli inauma, na kikundi cha akina mama kiwe chao wenyewe.

Halafu kuna jinsi tulivyozoea kutoa ushuhuda. Tangu uamsho wa walokole wa miaka ya 1930, nchi hii inajua kukiri dhambi mbele ya watu. Ni mila yenye nguvu, imewainua wengi, na siidharau hata kidogo. Lakini ushuhuda wa kanisani una mwisho unaotakiwa: nilikuwa hivi, sasa nimeshinda. Aliyeshuhudia ushindi Jumapili akianguka Jumatano, Jumapili inayofuata atasema nini? Wengi hawasemi. Wanaacha kuja, au wanakuja na uongo. Kwa Waislamu wenzangu mambo hayako mbali: kamari imetajwa kwa jina kwenye Sura ya Al-Maida, na aliyeanguka anaona kwamba kujitaja ni kujifedhehesha. Kikundi kinachofaa ni kile ambacho kuanguka ni habari ya kushughulikiwa, kama ule mkopo wa 50,000, si mwisho wa heshima ya mtu.

Hatari nyingine ni simulizi za ushindi. Mtu anaanza kueleza siku aliyopata milioni tatu, macho yanang'aa, na wenzake wanasogea mbele kumsikiliza. Wakitoka hapo wawili wanakwenda kubeti. Kikundi kile cha gereji kilipiga marufuku kutaja kiasi ulichoshinda, na ninaona sheria hiyo peke yake ina thamani kuliko hotuba nyingi.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, na ambalo halizungumzwi vya kutosha, ni kazi ambayo kubeti kunamfanyia mtu maskini. Mtafiti Sylvan Herskowitz aliwachunguza watu 1,708 wa Kampala wanaobeti michezo na kuchapisha matokeo mwaka 2021. Aligundua kwamba kiasi wanachokilenga kwenye mkeka kinafuata mahitaji yao makubwa ya mara moja, yale yasiyonunulika kidogo kidogo: bati, ada, kifaa cha kazi. Na waliosaidiwa kuweka akiba, hamu yao ya kubeti ilipungua. Wengi wanabeti kwa sababu hawaoni njia nyingine ya kupata laki tano kwa mkupuo. Sasa umemwita mtu huyo kikundini, amesimulia, amelia, amekumbatiwa. Anarudi nyumbani, bati bado inavuja na muhula unafunguliwa Jumatatu.

Kwa hiyo nasema kikundi kishike pesa. Kila Jumapili, baada ya taarifa za simu kusomwa, kila mmoja aweke akiba hata kama ni 3,000, na lengo lake liandikwe kwa jina: bati, ada, injini.

Najua pingamizi, na lina uzito. Kukusanya pesa katikati ya watu waliokopa, waliodanganya, na pengine walioiba ili wabeti ni kuwaweka majaribuni. Mweka hazina akiteleza usiku mmoja, chama kinakufa, na pamoja nacho imani ya watu wote. Wapo pia wanaosema pesa inaharibu mazungumzo: anayedaiwa na kikundi hatakiri ukweli mbele ya wanaomdai. Hili la pili limenishinda nguvu, na ndiyo maana nakataa kikundi kukopesha wanachama wake. Akiba iwepo, mkopo usiwepo. La kwanza lina dawa ambayo akina mama wa vyama vya akiba wa hapahapa wanaijua: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Mimi ningeongeza kwamba sanduku likae kwa mtu asiyebeti na ambaye hajawahi kubeti.

Kuna mahali ambapo kikundi lazima kijue kwamba hakiwezi. Mwenzenu akisema anataka kujiua, msimwombee tu na kumrudisha nyumbani. Awe na mtu kando yake usiku huo, na asindikizwe kwenye kituo cha afya, kisha hospitali ya rufaa ya Jinja au Mbale, au Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, kama wakielekeza hivyo. Sheria yetu ya jinai imekuwa ikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu ya polisi inawafanya watu wanyamaze wakati wa kusema. Kiongozi wa kikundi awe na daktari au muuguzi mmoja anayemfahamu, na namba yake ya simu, kabla siku hiyo haijafika.

Limebaki suala la nani alipie haya yote. Wakosoaji wanasema vikundi vinaiondolea kampuni lawama na kumtwika mgonjwa, na wana hoja: anayejitahidi kuacha bado anatumiwa ofa ya bonasi Ijumaa jioni, na hakuna mikutano inayoweza kuzishinda meseji zinazoingia kila siku. Lakini kukataa vikundi mpaka kampuni zibanwe ni kumwambia aliyezama leo asubiri. Fulana, viti na soda za kampuni za kubeti kikundi kisipokee. Serikali inakusanya kodi kutoka kwa kampuni hizo. Sehemu yake ipitie Wizara ya Afya, imlipe mshauri mmoja katika kila wilaya, afike kikundini mara mbili kwa mwezi na kuwafundisha wanaoongoza. Kwa Busia, wa kuanza naye yupo tayari nyuma ya ile gereji, kila Jumapili saa tisa.