Mkataba wa mafunzo London: kuusubiri, au kupita njia nyingine?

Tangu Septemba 2021 si lazima tena upate mkataba wa mafunzo ili uwe solisita Uingereza na Wales, yaani wakili wa kuandaa mikataba na kushauri wateja, tofauti na barista ambaye kazi yake kubwa iko mahakamani. SRA, mamlaka inayowasimamia masolisita, ilileta mtihani mmoja kwa wote, SQE. Badala ya miaka miwili ya mafunzo yanayotolewa na kampuni ya mawakili, yaani ule mkataba wa mafunzo, sasa inakubali miaka miwili ya uzoefu wa kazi za sheria, uliopatikana katika taasisi zisizozidi nne. Kliniki ya msaada wa sheria ya chuo inahesabika. Kazi ya usaidizi katika ofisi ndogo ya masuala ya uhamiaji nayo inahesabika, mradi anayestahili kuthibitisha aweke saini.

Hata hivyo, msimu wa maombi ukifika, kuanzia Septemba hadi Januari hivi, vijana wetu wanaosoma huko bado wanakesha wakijaza fomu za kuomba mkataba huo kwa kampuni kubwa za mawakili, majina yale yale: Linklaters, Clifford Chance, Freshfields, Slaughter and May, A&O Shearman, na kampuni za Kimarekani zenye ofisi London. Wapo wanaowacheka kwamba wanang'ang'ania mambo ya zamani. Mimi siwacheki, ingawa naona wengi wao wanasubiri bila kupiga hesabu.

Hesabu ya kwanza ni ya pesa. Aliyepata mkataba katika kampuni kubwa hulipiwa kozi ya matayarisho na ada ya mtihani, hupewa posho wakati anasoma, na akianza kazi mshahara wa mwaka wa kwanza unapita pauni 50,000. Akihitimu, kampuni kadhaa kubwa tangu 2024 zinaanzia pauni 150,000 kwa mwaka, na baadhi ya zile za Kimarekani zinapanda zaidi. Anayejilipia ana ada ya mtihani inayokaribia pauni 5,000, kozi mbali. Na mtihani huo haubembelezi mtu: sehemu ya kwanza ina maswali 360 ya kuchagua jibu, na Julai 2024 waliofaulu walikuwa asilimia 44 tu.

Kuna pia mafunzo yenyewe. Kwa kawaida mwanafunzi huzungushwa idara nne, miezi sita kila moja, kwa hiyo anaonja mikopo ya benki, ununuzi wa kampuni na migogoro kabla hajaamua abobee wapi. Katika njia mpya, anayetia saini anathibitisha kwamba ulikuwepo kwa muda huo, ulipata nafasi ya kukuza ujuzi unaotakiwa, na hakuna doa la tabia linalojulikana. Hathibitishi kwamba unaiweza kazi. Unaweza kumaliza miaka miwili ukijaza fomu za viza, ukaitwa solisita kihalali kabisa, na bado kampuni ya sheria za biashara isikuite hata kwenye usaili.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Kampuni hizi huajiri miaka miwili kabla ya kazi kuanza, kwa hiyo mwanafunzi wa sheria anatakiwa awe ameshajipanga akiwa mwaka wa pili, na ikiwezekana ahudhurie siku za utambulisho akiwa wa kwanza. Mtoto wa wakili aliyekulia Surrey, jirani na London, hilo analijua tangu sekondari. Aliyetoka Kisumu au Arusha mara nyingi hugundua mwezi Machi kwamba mafunzo ya likizo, ambayo kampuni nyingi huyatumia kuchagua watu wa kuwapa mkataba, yalifungwa Januari. Huo ni mchujo wa nani aliambiwa mapema, na sioni unahusianaje na uwezo wa kusoma mkataba wa mkopo.

Hata hivyo, wanaoisifu njia mpya kwa wageni huruka suala la viza. Kima cha jumla cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi ni pauni 41,700 tangu Julai 2025, na hata punguzo la wanaoanza kazi linadai pauni 33,400. Mishahara ya wasaidizi wa mawakili katika ofisi ndogo mara nyingi haifiki huko. Unabaki na viza ya wahitimu ya miaka miwili, ambayo kwa maombi ya kuanzia Januari 2027 inashuka hadi miezi 18. Miezi 18 haitoshi kukusanya miaka miwili ya uzoefu, labda uwe umeshapata mingine ukiwa chuoni. Mlango huu unaosemwa uko wazi kwa wote uko wazi zaidi kwa mwenye pasipoti ya Uingereza. Kampuni kubwa, pamoja na ugumu wake wote, ndizo zenye desturi ya kudhamini viza na mishahara inayovuka kima hicho.

Njia mpya inamfaa sana mtu mwingine ambaye hatajwi mara nyingi: aliye wakili tayari huku nyumbani. Aliyeapishwa Nairobi au Dar es Salaam hahitaji kuonyesha ile miaka miwili kabisa, na anaweza kuomba msamaha wa sehemu ya pili ya mtihani akithibitisha uzoefu wake. Kwa anayetaka kufanya kazi za ufadhili wa miradi katika kanda yetu, ambako mikataba mingi ya mikopo mikubwa huchagua sheria ya Uingereza, cheti hicho kina thamani hata asipohamia London.

Kwa anayebaki kuomba, ubishi mwingine ni idadi: fomu arobaini au nane? Wa arobaini wanasema ni bahati nasibu, ukicheza sana utapata. Mimi niko na wa nane, na sababu iko kwenye swali moja la fomu: kwa nini kampuni yetu? Anayejibu kwamba ni kampuni ya kimataifa yenye wateja wakubwa na utamaduni wa kushirikiana ameandika sentensi inayofaa kupelekwa popote, na msomaji anaiona mara moja. Mwingine anachukua mkopo wa mradi wa umeme Afrika Mashariki ambao kampuni hiyo iliushughulikia, anaeleza kwa nini wakopeshaji wanahofia ardhi ya kijiji isiyo na hati, na anataja idara anayotaka kuanzia. Jibu la namna hiyo huwezi kuliandika mara arobaini kwa msimu mmoja. Tena hapo kijana wetu ana kitu ambacho yule wa Surrey hana, lakini wengi wanakificha wakidhani kinawashushia hadhi.

Idadi haikusaidii pia kwenye jaribio la Watson Glaser, linalotumiwa na kampuni nyingi kupima kufikiri kimantiki. Chukua mfano wa aina yake: wauza samaki wote wa soko la Feri, Dar es Salaam, huamka alfajiri, baadhi ya waamkao alfajiri ni matajiri. Je, inafuata kwamba baadhi ya wauza samaki hao ni matajiri? Haifuati, hata kama wewe binafsi unamjua mmoja mwenye magari matatu. Wanaoanguka hapo si wajinga. Wengi wamezoea kujibu kwa wanachokijua, na jaribio linataka yaliyoandikwa tu. Mazoezi ya wiki chache yanarekebisha hilo, na ni bure au karibu na bure.

Jambo ambalo ningemzuia mtu asilifanye ni kulipia SQE mfukoni katikati ya msimu ili aonekane yuko makini. Kampuni zina vyuo vyao. Linklaters, Freshfields, Slaughter and May na nyingine kadhaa, kwa mfano, zilijiunga pamoja kuwapeleka wanafunzi wao chuo cha BPP, katika kozi iliyotengenezwa kwa ajili yao. Pesa ya mzazi ingoje majibu ya mwezi wa nne au wa tano. Yakija mabaya, ndipo ilipiwe mtihani, au tiketi ya kurudi kuapishwa nyumbani.