Mawe matatu yanatosha, mshkaji

Mi nasema hivi: vijana wengi wanaochora katuni hapa Mwanza mkono wanao, ila hawajui kuacha. Tatizo lao si kuchora, ni kuacha. Unafungua kazi ya dogo kwenye grupu la WhatsApp unakuta mama anauza dagaa Kirumba, nyuma yake mwalo mzima, mitumbwi imejaa mpaka huko, nyavu zimechorwa tundu kwa tundu, mawe yana kila ufa, mpaka mabati ya nyumba za mlimani yana kutu, halafu utani wenyewe uko kwenye kopo la kupimia alilolishika huyo mama, kitako kimebonyezwa kwa ndani ili dagaa waingie kidogo. Kopo lenyewe unaliona baada ya kuvuta picha kwa vidole na kuitafuta tafuta. Hapo kicheko kimeshakufa, umebaki kusema "aah, kumbe".

Kuna Mmarekani mmoja alikuwa anaitwa Ernie Bushmiller. Mwaka 1925 alirithi katuni ya gazetini iliyoitwa Fritzi Ritz, mwaka 1933 akamleta mtoto wa kike mnene mwenye nywele nyeusi zilizochongoka kichwa kizima, Nancy, na huyo mtoto akamfunika shangazi yake, huyo Fritzi, mpaka mwaka 1938 katuni ikabadilishwa jina ikawa yake. Wachoraji wana utani wao wa siku nyingi kuhusu mawe ya Bushmiller. Akitaka kuonyesha kuna mawe hapo nyuma anachora matatu basi, kwa sababu mawili yanabaki kuwa mawe mawili, manne yameshakuwa fujo, ila matatu jicho linasema "mawe" na kuendelea na safari yake. Sasa sisi tuliozaliwa kwenye mawe, watu wamejenga juu ya mawe huko Mabatini na Igogo, ndo tunaona tukipunguza jiwe moja tu Mwanza haitajulikana. Jamani, chora umbo la Jiwe la Bismarck kwa mistari michache, mtu yeyote Kanda ya Ziwa ameshajua tuko wapi.

Na weusi wa wino, hapa nitakaa kidogo maana ndo penye utamu. Miaka ya 1930 kulikuwa na Noel Sickles, anachora Scorchy Smith, mambo ya rubani wa ndege. Badala ya kuzungushia kila kitu mstari akawa anamwaga kivuli cheusi tii kwa brashi, upande mmoja wa uso mweusi, mwingine anauacha karatasi tupu, na wewe mwenyewe unamalizia shavu kichwani mwako. Milton Caniff, mshkaji wake waliyeshea studio New York, akaidaka hiyo staili akaipeleka kwenye Terry and the Pirates aliyoianza mwaka 1934, na baada ya hapo nusu ya wachoraji wa Marekani wakawa wanamuiga. Wengine wanadhani ilikuwa ni urembo tu, kumbe kulikuwa na sababu ya kazi kabisa. Karatasi ya gazeti ni ya bei rahisi inanyonya wino, picha inapunguzwa kabla ya kuchapwa, mstari mwembamba unapotea au unavimba, lakini bonge la nyeusi linafika salama. Tena ni haraka, na mtu mwenye fremu, yaani vile visanduku vya picha, za kutoa kila siku ya Mungu anahitaji haraka. Halafu ukipanga weusi vizuri unamshika msomaji shingo bila yeye kujua, unamwambia angalia hapa kwanza, halafu pale.

Chester Gould naye, wa Dick Tracy, alianza mwaka 1931, huyo hakuwa na aibu hata kidogo. Huyo Tracy, mpelelezi wake, ni pua ya ndoano, kidevu cha mraba, kofia, basi, hata ukimjaza wino mwili mzima unamjua. Na ikitokea kifaa fulani ni cha muhimu kwenye stori, kama ile redio ya kuvaa mkononi kama saa ya mwaka 1946, anachora mshale anaandika jina lake hapohapo kwenye fremu. Kuna watu wanaona ni ushamba. Mi naona ni adabu kwa msomaji.

Sasa njoo kwenye puto la maneno, kile kiduara cha anachosema mtu kwenye katuni, ambako Kiswahili kinatutesa kidogo. Maneno yetu marefu bana, ukiweka "hatukukubaliana" kwenye kiputo chembamba lazima ulikate katikati, na mtu akisoma nusu nusu utani umechelewa. Dawa yake andika kwanza, chora baadaye, na anayeanza kuongea mweke kushoto, maana ndiko tunakoanzia kusoma. Masoud Kipanya, mchora katuni wetu wa magazetini, ukimwangalia, mara nyingi maneno ni machache sana, ndo maana watu wamesimama pale kwenye meza ya magazeti, hawanunui, wanachungulia tu juu ya bega la mwenzao, na bado wanaondoka wanacheka.

Yule mama wa Kirumba ningekuwa mimi ningemsogeza mbele, gauni jeusi, mkono wenye kopo uutoke mwili kabisa ukae peke yake kwenye anga jeupe, mteja anachungulia upande wa pili, mtumbwi mmoja nyuma. Basi. Halafu naipunguza picha mpaka inakuwa saizi ya kidole gumba, nafumba macho nusu, kama bado naliona kopo naituma.

Kuna mmoja kwenye grupu alinijia juu, eti mbona Hergé, yule Mbelgiji aliyechora katuni za Tintin, alijaza kila kitu, magari, meli, majengo. Kweli alijaza. Ila mistari yake ni safi, rangi zake zimelala bapa, haweki vivuli vya kufifia fifia, kwa hiyo mtu hapotei humo ndani. Kujaza siyo dhambi, inategemea na nafasi uliyopewa. Winsor McCay mwaka 1905 alipoanza Little Nemo alikuwa na ukurasa mzima wa gazeti la Jumapili, akajaza majumba ya kifalme mpaka basi. Charles Schulz mwaka 1950 Peanuts yake iliuzwa kama katuni ndogo ya kuokoa nafasi, fremu nne zinazolingana ili mhariri azipange mstari mmoja, au zishuke chini, au ziwe mraba, akaishia kuchora vichwa vya mviringo na ukuta. Wewe dogo unachorea watu wanaosoma kwenye simu, wako ndani ya daladala ya Buzuruga, wamebanwa, jua linapiga kwenye kioo na kioo chenyewe kina ufa. Uko upande wa Schulz, utake usitake.