Mifuko 20 juu ya Pikapu ya Zamani

Mzozo ninaousikia mara kwa mara hapa Mombasa, panapoegeshwa pikapu za kukodi, ni huu: mteja anataka mifuko 20 ya simiti ivuke Likoni kwa safari moja, mwenye pikapu kuukuu anakubali 14 tu, na lawama ya uvivu au ya kutaka nauli mbili humwangukia dereva.

Mteja ana hoja. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani moja, gari lenyewe linaitwa la tani moja, na safari ya pili ina mafuta yake na ada yake ya feri. Tena pikapu za zamani, kwa ekseli zao nzito na springi za majani, yaani bapa za chuma zilizopangwa juu kwa juu, ziliundwa kwa kazi hiyo hasa.

Ila kipimo cha kiwanda kilikuwa cha chuma kipya, na ndani yake huhesabiwa kila kilichoongezwa juu ya gari tupu. Dereva na wapakizi wawili wa kilo 70 kila mmoja wamekwisha kula mifuko minne na zaidi. Imebaki 15, na bado hatujaitaja chumvi ya bahari. Ingia uvunguni mwa pikapu iliyozeekea pwani, utazame pale springi ya nyuma inaposhikana na chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, mahali ambapo matope yenye chumvi hujificha na unyevu haukauki. Fundi akipagonga kwa nyundo, magamba ya kutu humwagika na chuma hutoa mlio mzito, uliokufa. Chuma cha milimita 4 kikiliwa milimita 1, takriban robo ya nguvu zake imekwenda, napo ndipo mzigo unapoegemea. Mara nyingi kutu huanzia ndani, na rangi mpya ya nje humhadaa hata mwenye gari.

Wengi huongeza majani ya springi. Gari lililoinama kwa mzigo huinuka nyuma, lakini breki, beringi na tairi ni zile zile, na kila shimo la barabara sasa huipiga chasisi kwa nguvu zaidi. Kule kuinama kulikuwa onyo, nalo limezimwa.

Maji yakipwa Likoni, njia ya kutokea ferini huwa mlima mkali. Pikapu iliyolemewa nyuma hupanda usukani ukiwa mwepesi, na ikizimika, ni breki hizo kuukuu tu zinazoizuia isiwarudie walio nyuma yake. Chasisi ikigongwa ikalia vizuri, tairi zikiwa hazijapasuka kwa jua na breki zikifunguliwa zikakaguliwa, ningeipakia 15. Isiyokaguliwa, hata hiyo 14 ya dereva naiona nyingi.